Nakala Moja Ivuke Maji

Katika nyumba nyingi za Kisauni, Changamwe na Likoni, kumbukumbu za familia zimetoka sandukuni zikaingia kwenye diski nyeusi isiyozidi kiganja cha mkono, iliyolazwa kando ya televisheni. Ndani mna harusi ya binti, picha za babu zilizopigwa upya kwa simu, kaswida za maulidi ya madrasa, vyeti vya KCSE, mahesabu ya chama, na kanda za taarabu za Juma Bhalo na Zein l'Abdin ambazo mtu alikaa akazigeuza faili moja baada ya jingine. Uliza kama hayo yote yana nakala, utajibiwa upesi kwamba yapo kwenye diski. Uliza tena kama kwenye kompyuta nako yangalipo, na hapo wengi hunyamaza.

Mambo huanza hivi. Laptopu inajaa, hasa zile zilizokwisha kutumika Ulaya ambazo huuzwa zikiwa na nafasi ya gigabaiti 256 tu. Mwenyewe ananunua diski ya nje ya terabaiti moja, anahamishia humo kila kitu ili mashine ipumue, kisha anafuta vya awali. Siku hiyo anajiona amejiwekea akiba, kumbe amevihamisha tu vitu vyake kutoka kifaa kinachokaa mezani hadi kifaa kinachobebwa, kinachoanguka na kinachoazimwa na vijana wa jirani kutilia filamu. Kilichopo mahali pamoja tu hakina nakala, hata kikiwa kwenye diski ya bei kubwa kuliko zote dukani.

Wapigapicha ndio walioliweka jambo hili katika hesabu rahisi. Mmarekani Peter Krogh, mpigapicha aliyeandika juu ya utunzaji wa picha za kidijitali, alieneza kanuni ambayo mafundi wa kompyuta duniani kote sasa huitaja kwa tarakimu tatu: 3, 2, 1. Kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, ziwe kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na nyumbani. Wakazi wa bara la Mombasa wakijitahidi sana hufika kwenye mbili. Ile ya tatu, ya mbali, ndiyo inayokosekana, na kwa hali ya pwani yetu ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Stima, chumvi na maji

Tuanze na stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Giza hilo likarudi tarehe 11 Novemba, na tena tarehe 10 Desemba mwaka huo huo. Hayo ni yale yaliyofika kwenye taarifa ya habari. Mkazi wa Mtopanga au Chaani anayajua mengine ya mtaani kwake ambayo hakuna aliyeyatangaza.

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Stima ikikatika, kichwa hicho hujiondoa chenyewe na kujiegesha pembeni, kwa hiyo mara nyingi chuma hakidhuriki. Kinachodhurika ni faili lililokuwa likiandikwa. Kompyuta hudanganya kidogo: hukuambia imemaliza kunakili ilhali sehemu ya mwisho bado iko kwenye kumbukumbu ya muda, ikingoja zamu. Ndiyo sababu ya kuambiwa uitoe diski kwa utaratibu badala ya kuichomoa tu. Mpangilio wa diski nao una neno lake. Diski nyingi za nje huuzwa zikiwa na mpangilio wa exFAT, unaosomeka kwenye Windows na Mac, lakini usioweka daftari la mabadiliko. Stima ikikatika katikati ya kuandika, orodha nzima ya mafaili inaweza kuvurugika. Mwenye kutumia Windows peke yake ni heri achague NTFS, ambayo ina daftari hilo.

Hatari nyingine huja stima inaporudi kwa kishindo. Diski kubwa za mezani zina adapta yake, na adapta hiyo, pamoja na ubao wa ndani, ndiyo huungua kwanza. Mwenye kompyuta ya mezani, isiyo na betri, anahitaji UPS, ile betri ya akiba, si kwa ajili ya kufanyia kazi gizani, bali kwa zile dakika chache za kufunga mafaili na kuzima. Stima ikipotea, chomoa nyaya zote ukutani, na usichomeke tena mpaka taa zitulie.

Chumvi haina kishindo. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima, na karibu na ufuo, kuanzia Shelly hadi Bamburi, upepo hubeba chumvi inayokula miguu ya shaba ya nyaya na matundu ya USB. Diski ambayo haijaguswa miezi minane ikikataa kusoma, safisha kwanza ncha za waya au ubadilishe waya wenyewe kabla ya kuomboleza. Ihifadhi ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Hata SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka, haziachiki kabatini miaka. Hizo hutunza data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja, haraka zaidi kwenye joto. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa hivi, kinataka SSD ya mtumiaji wa kawaida iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake iweze kutunza data kwa mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30. Mchana wa Februari na Machi hapa kwetu hupita nyuzi hizo. SSD mpya hudumu zaidi, lakini anayeitumia kama akiba ya muda mrefu aichomeke mara chache kila mwaka na afungue mafaili yake. Flashi, ambazo hutengenezwa kwa chipu za daraja la chini zaidi, ni za kubebea kazi, si za kutunzia urithi.

Kisha kuna maji na watu. Mvua za El Niño za Novemba 2023 ziliingia ndani ya nyumba za watu, na kompyuta iliyowekwa sakafuni haikuwa na pa kukimbilia. Kuna moto wa nyaya zilizounganishwa ovyo. Na kuna wizi: Kisauni imewahi kutikiswa na magenge ya vijana wenye mapanga, na Likoni nayo ina simulizi zake. Mwizi anayeingia sebuleni hachagui kati ya laptopu na diski. Huchukua mkoba wenye vyote viwili. Diski ya pili iliyo kwenye rafu ile ile inakukinga na diski ya kwanza kufa, lakini haikukingi na maji, moto wala mwizi, kwa sababu hao wote huingia kwa mlango mmoja.

Wingu lina mipaka yake

Vijana watasema dawa ni kupandisha kila kitu mtandaoni, kwenye kile kinachoitwa wingu. Mombasa ndiyo lango la mtandao wa Afrika Mashariki: nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua hapa mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Lakini kuishi karibu na lango si kinga. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali pasiporuhusiwa na kuukata waya wa TEAMS. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukakokota miguu kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam. Mafaili yaliyo mbali huwa salama siku kama hizo, ila hayafikiki.

Mpaka mwingine ni nafasi. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, OneDrive gigabaiti 5, na iCloud gigabaiti 5. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha za Google Photos zinahesabiwa ndani ya zile 15, ambazo pia zimebeba barua pepe. Video ghafi za harusi moja, kamera mbili, zinazimaliza kabla bwana harusi hajaingia ukumbini.

Mpaka mgumu zaidi ni mwendo. Chukua gigabaiti 500 na mtandao wa nyumbani unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, kazi hiyo inakula zaidi ya siku tisa, usiku na mchana, bila stima kupotea na bila bando kuisha. Sijui mtaa wa bara la Mombasa unaoweza kuahidi siku tisa za namna hiyo.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka limewafika. Huduma nyingi za aina hii hufanya kazi kama kioo: ukifuta picha kwenye simu, kule nako inafutika. Google Drive huweka vilivyofutwa kwa siku 30, Google Photos kwa siku 60 kwa picha zilizokwisha kupandishwa, kisha ndiyo basi. Na tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Familia zenye picha kwenye akaunti ya marehemu zinafaa kulijua hilo mapema.

Wingu basi lina kazi yake, nayo ni ya vitu vidogo vyenye uzito mkubwa. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, pasi, stakabadhi za ada na hati za ardhi vikipigwa skani havizidi megabaiti mia chache. Katika shamba la Waitiki kule Likoni, ambako serikali ilianza kutoa hati miliki Januari 2016, familia nyingi zina karatasi walizozingoja maisha yao yote. Skani haichukui nafasi ya hati halisi, lakini mwenye kujua namba ya hati na tarehe yake huanza mbali sana na asiyejua chochote. Hivyo ndivyo vya kupandisha leo. Harusi na kanda zinahitaji njia nyingine.

Mkoba kwenye feri

Njia hiyo tunayo, na tunaipita kila siku. Diski ya terabaiti moja ikitiwa mkobani Likoni, ikavuka kwa feri na kufika Mji wa Kale kwa saa nzima, foleni ikiwa humo, imesafirisha data kwa mwendo wa zaidi ya megabiti 2,200 kwa sekunde. Hakuna kampuni inayouza mtandao wa nyumbani wa mwendo huo Timbwani. Feri inayovusha watu zaidi ya laki tatu kwa siku inaweza kuvusha maktaba ya ukoo bila mtu kuhisi.

Jiografia inayotuchosha asubuhi na jioni ndiyo inayotufaa hapa. Likoni imetengwa na kisiwa kwa maji ya Kilindini, Kisauni kwa mkono wa bahari wa Tudor, na Changamwe ipo ng'ambo ya Makupa. Mafuriko ya Kisauni hayafiki Mtongwe, wala moto wa Magongo hauruki hadi Mshomoroni. Karibu kila ukoo wa Mombasa una shangazi upande wa pili, au mjomba Kwale, Kilifi au Voi. Mpango ni wa kubadilishana: diski yenu ikae kwao, ya kwao ikae kwenu. Kila Idi, kila Krismasi, au kila mkutano wa chama, mnaileta iliyosasishwa na kuondoka na ile ya zamani. Inatosha kuwa na diski mbili zinazopishana, moja nyumbani na nyingine ng'ambo.

Diski inayosafiri ifungwe kwa nywila. Matoleo ya Windows yenye BitLocker yana uwezo huo, Mac wanao wa kwao, na VeraCrypt ni programu ya bure inayofanya kazi kote. Ikisahaulika kwenye matatu ya Bombolulu, aliyeiokota amepata chuma tu. Nywila nayo iandikwe kwenye karatasi na ihifadhiwe mbali na diski, kwa sababu ukiipoteza hakuna fundi atakayeifungua.

Na tusidhani kwamba jambo hili la kuweka nakala mahali mbalimbali limekuja na kompyuta. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalikuwa vinywani mwa wazee wa Mombasa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu kabla hajafariki mwaka 1890, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, ambaye makaratasi yake yaliishia London. Mwaka 1940 William Hichens akayachapisha Johannesburg. Yangebaki na msimulizi mmoja, katika nyumba moja, leo tungekuwa na jina la Muyaka na vipande viwili vitatu. Yamedumu kwa sababu yaliandikwa upya na mikono zaidi ya mmoja, na nakala zikakaa mbalimbali.

Kazi yenyewe

Usianze kwa kunakili kila kitu. Utachoka na uache. Gawa vitu mafungu matatu. La kwanza ni visivyopatikana tena: picha, sauti, video za familia, nyaraka, kazi ulizoandika mwenyewe. La pili ni vinavyopatikana kwa taabu: programu zilizolipiwa, kumbukumbu za biashara. La tatu ni filamu, mfululizo na nyimbo zilizopakuliwa, ambazo mara nyingi ndizo zinazojaza diski. Fungu la tatu liache. Utashangaa jinsi la kwanza lilivyo dogo.

Kisha iachie mashine kazi hiyo. Windows ina File History, Mac ina Time Machine tangu 2007, na wa Linux wana Déjà Dup. Hizo huweka pia matoleo ya zamani, kwa hiyo faili ulilolivuruga Jumanne unaweza kulirudisha kama lilivyokuwa Jumatatu. Gigabaiti 500 kwa mara ya kwanza huchukua kama saa nne kwenye tundu la zamani la USB 2.0, na chini ya saa mbili kwenye USB 3.0. Baada ya hapo ni mabadiliko tu yanayonakiliwa, kazi ya dakika chache.

Ukimaliza, itoe diski. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilisambaa katika nchi nyingi ndani ya siku moja, ikifunga mafaili na kudai fidia. Programu za aina hiyo hufunga kila diski zinayoikuta imechomekwa. Isiyochomekwa haifikiwi.

Hapa mitaani adui wa kila siku ni mdogo zaidi. Umepeleka flashi saiba kuchapisha kazi, umerudi nayo ukakuta folda zote zimegeuka vialama vya njia ya mkato. Watu hulia, kisha huifomati. Usifanye hivyo. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu na kirusi, na fundi hodari ataondoa alama ya kufichwa kwa amri fupi baada ya kusafisha kompyuta. Jihadhari pia na flashi za bei ya kutupwa zilizoandikwa terabaiti mbili. Baadhi zina gigabaiti 32 tu na zimepangwa zidanganye. Ukishapita kikomo, mafaili mapya yanafuta ya zamani huku orodha ikionyesha yote yapo. Programu za bure za H2testw na F3 hupima ukubwa wa kweli, na kipimo kifanyike kabla ya kuweka chochote humo.

Diski ikianza kugongagonga, izime papo hapo. Kila dakika inayoendelea kuzunguka, kichwa kinaweza kuwa kinakwaruza sahani. Anayeifungua sebuleni kwa bisibisi anaiingizia vumbi na kumaliza matumaini yaliyosalia.

Kwa wapiga video za harusi, kanuni ni moja: kadi ya kamera isifutwe mpaka kazi iwe kwenye diski mbili. Na mteja naye aulize kabla ya kulipa arubuni: mtatunza video ghafi kwa muda gani, na zitakuwa na nakala ngapi?

Nakala isiyojaribiwa

Tarehe 28 Oktoba 2023 wahalifu wa kundi la Rhysida waliivamia Maktaba ya Uingereza kwa njia ya mtandao. Walidai bitcoin 20. Hawakulipwa, wakamwaga hadharani takriban gigabaiti 600 za data. Jambo hilo linatugusa. Mpango wa maktaba hiyo wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini ndio uliogharimia kupigwa picha kwa hati za kale za msikiti wa Riyadha, Lamu, na kwa miezi mingi makusanyo ya mpango huo hayakuweza kusomwa mtandaoni. Mpango huo una kanuni nzuri: hati halisi hazitoki nchini mwake, na nakala ya kidijitali huachwa huko huko zilikotoka.

Ripoti iliyotolewa na maktaba yenyewe Machi 2024 ilieleza kwamba nakala salama za makusanyo ya kidijitali zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa mitambo mizima ya kuzirudishia. Taasisi yenye wataalamu na bajeti ilikuwa na akiba, na bado ilikaa miezi ikitafuta pa kuifungulia.

Nyumbani kwetu hali hiyo ina sura yake. DVD za harusi za miaka ya 2000 zipo, lakini laptopu za sasa hazina pa kuzitia. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11, kwa hiyo wengi wamo katika kubadilisha kompyuta. Huu ndio wakati wa kujaribu: chukua diski ya akiba, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, chagua mafaili matano bila mpangilio, na uyafungue hadi mwisho. Video ichezwe dakika ya kwanza na ya mwisho. Lisilofunguka linakupa nafasi ya kulinakili upya wakati la awali lingali hai.

Mwenye saiba, duka la picha au ofisi ya chama ana sababu ya ziada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humsamehe mtu anayetunza mambo ya nyumbani kwake, lakini anayehifadhi vitambulisho na fomu za wateja inamtaka awe na njia ya kuzilinda, na ya kuzirudisha kwa wakati zikipotea. Zikifikiwa na asiyeruhusiwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Wahenga wamesema akiba haiozi. Hawakuwahi kuiona diski ya Mombasa. Hii huoza, tena mwenyewe hana habari, na ndiyo maana inahitaji mtu zaidi ya mmoja anayeijua. Kabla wikendi hii haijaisha, andika karatasi yenye mambo manne: nini kimehifadhiwa, diski ziko kwa nani, nywila imewekwa wapi, na lini mara ya mwisho mafaili yalifunguliwa. Mwonyeshe mkeo, mumeo au mwanao mkubwa, kisha uiweke pamoja na karatasi za nyumba. Jambo la pili likiwa na jina la mtu wa nyumba hiyo hiyo pekee, kazi bado haijaisha.